Moto Haungoji Mtu: Historia ya Vyombo vya Kuzima Moto

Katika nchi yetu ya Katanga moto ni mfanyakazi wa tangu zamani. Kabla Wazungu hawajafika, mafundi wa huku waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakapata shaba nyekundu, wakaitengeneza kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikauzwa mbali sana. Halafu ikaja Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Hapa Likasi kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa nguvu za umeme mwaka 1929. Mwaka 1931 mji wetu ulipewa jina la Jadotville, na mwaka 1966 ukarudishiwa jina lake la Likasi. Katika miaka yote hiyo moto ulitupikia chakula, ukatuyeyushia mawe, ukatulipa mshahara.

Lakini mtumishi huyu akitoroka kazini hana huruma na mtu. Kwa hiyo twataka leo, wasomaji wapenzi, kuwasimulia historia ya vyombo ambavyo wanadamu wamebuni ili kumrudisha mtumishi huyu mahali pake: pampu, mtungi wa kuzimia moto, na yale mabomba ya darini ambayo hunyunyiza maji yenyewe pasipo kuguswa na mtu. Tena twataka kuuliza swali moja ambalo latuhusu sisi wenye parokia, shule na mabweni: je, vyombo hivi vyatutaka tufanye nini sisi wenyewe?

Pampu ya Aleksandria na walinzi wa Roma

Wengi hudhani kwamba kila mashine imetoka Ulaya. Sivyo. Pampu ya kusukuma maji kwa bastola mbili ilibuniwa Afrika, katika mji wa Aleksandria huko Misri, na fundi aitwaye Ktesibio, kama miaka 250 hivi kabla ya kuzaliwa Bwana wetu Yesu Kristo. Alikuwa mwana wa kinyozi. Pampu yake yaweza kurusha maji juu kwa nguvu, na mara ikatumika kuzima moto.

Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto aliunda vikosi saba vya walinzi katika mji wa Roma. Kazi yao ilikuwa kukesha usiku, kutembea mitaani na kuangalia moto. Walikuwa na ndoo, pampu, shoka, na mablanketi yaliyolowanishwa. Hata hivyo mwaka wa 64, zamani za Kaisari Nero, Roma iliungua siku nyingi, na sisi Wakristo twajua mwisho wa habari ile: lawama ikatupiwa ndugu zetu wa kwanza, wakauawa kwa mateso makali. Basi toka zamani moto una jambo hili: ukiisha kuzimwa, watu hutafuta wa kumlaumu kabla hawajatafuta sababu.

Baada ya hapo miaka mingi sana ilipita, na watu wakaendelea na ndoo zao. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mjini London. Ulipozimika, siku chache baadaye, nyumba zaidi ya 13,000 zilikuwa zimekwisha, na makanisa 87 pamoja nazo. Miaka michache baadaye, huko Amsterdam, Jan van der Heyden na ndugu yake walitengeneza mpira wa ngozi wa kupitishia maji. Tangu hapo mzima moto aliweza kuingia ndani na kupeleka maji mpaka kwenye shina la moto. Zamani alisimama nje tu, akarusha maji juu ya mapaa.

Mtungi wa shaba

Mtungi ule mwekundu tunaouona ukutani katika ofisi na viwanda, babu yake alikuwa wa shaba. Mwingereza mmoja, kapteni George William Manby, aliutengeneza karibu na mwaka 1818. Ndani yake alitia maji yaliyochanganywa na magadi ya potasi, kiasi cha lita 13, akashindilia hewa juu yake. Ukifungua mdomo, hewa yayasukuma maji nje kwa nguvu. Mtu mmoja aweza kuubeba na kuufikisha mahali moto ungali mdogo. Na hii ndiyo siri yote ya mtungi: moto mdogo huzimwa na mtu mmoja, moto mkubwa huwashinda mia.

Mwaka 1866 Mfaransa François Carlier alipata njia nyingine. Katika mtungi alitumia maji yenye soda pamoja na asidi. Asidi ikimwagika ndani ya soda, hewa nyingi ya kaboni yatokea mara moja na kuyasukuma maji. Watu wa Likasi hawatashangaa, maana asidi ya salfa twaijua vema tangu zamani za kampuni ya Sogechim; yaweza kuchoma ngozi ya mtu, lakini ndani ya mitungi ya namna hiyo iliyotengenezwa baadaye ilifanya kazi ya kuokoa.

Halafu likaja tatizo jipya, nalo ni mafuta. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji, yaelea juu yake huku ikiwaka, na maji yenyewe yaibeba kuipeleka mbali zaidi. Mwalimu mmoja wa mji wa Baku, mji wa visima vya mafuta, jina lake Aleksandr Loran, aliwaza jambo hili sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akabuni povu la kuzimia moto. Povu lafunika mafuta kama blanketi, lazuia hewa, na moto wakosa pumzi. Baadaye zikaja poda kavu na hewa ya kaboni, ambazo zafaa hasa kwa moto wa umeme, kwa sababu maji hupitisha umeme na kumwua mwenye kuyamwaga.

Hata katika dawa hizi watu walikosea. Kwa miaka mingi mitungi fulani ilitiwa dawa iitwayo tetrakloridi ya kaboni. Ilizima moto vizuri, lakini katika joto kali ilitoa hewa ya sumu, ikawadhuru wale wale waliokuja kuokoa. Mwishowe ikaachwa. Twajifunza kwamba si kila kinachozima moto ni rafiki.

Mabomba yanayokesha

Sasa tuje kwenye chombo cha ajabu zaidi. Katika karne ya 19, wenye viwanda vya pamba huko Marekani walipitisha mabomba yenye matundu chini ya dari. Moto ukitokea, mtu alikimbia kufungua maji, na chumba kizima kikalowa. Lakini je, kama ni usiku? Kama mtu yule amelala, au ameogopa na kukimbia? Bomba lilikuwapo, maji yalikuwapo, mkono haukuwapo.

Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano katika mji wa New Haven, ndiye aliyejibu swali hilo mwaka 1874. Alifunga kila tundu kwa kizibo kilichoshikwa na risasi ya kulehemu, iliyo laini na yenye kuyeyuka upesi. Joto la moto lilipopanda, risasi iliyeyuka, kizibo kikaanguka, maji yakatoka. Mkono wa mtu haukuhitajiwa tena: moto wenyewe ulijifungulia maji ya kuuzima! Miaka michache baadaye Frederick Grinnell alikitengeneza chombo hicho vizuri zaidi, kikaenea duniani.

Siku hizi vinyunyizio vingi vina kichupa kidogo cha kioo chenye maji ya rangi ndani yake. Kile chekundu, ambacho ndicho cha kawaida, hupasuka joto likifika digrii 68. Mwili wa kinyunyizio hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Basi shaba, iliyowalisha wazee wetu hapa Likasi, huko darini hukesha usiku na mchana, miaka 20, miaka 30, ikingoja saa moja tu.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Katika sinema twaona moto mdogo ukiwaka, na mara nyumba nzima yanyeshewa mvua. Si kweli kwa mabomba ya kawaida. Kila kinyunyizio hufunguka peke yake, pale tu palipo na joto. Mara nyingi kimoja au viwili vyatosha, na vyumba vingine hubaki vikavu.

Wasomaji wapenzi, je, hamkumbuki hapa mfano wa wanawali kumi aliotusimulia Bwana Yesu? Wote kumi walikuwa na taa, na wote kumi walisinzia. Walitofautiana kwa jambo moja tu: watano walikuwa wameweka mafuta tayari mapema. Bwana arusi alipofika, wakati wa kwenda dukani ulikuwa umekwisha. Moto nao huja hivyo hivyo, usiku wa manane, na anayetafuta maji saa hiyo amechelewa.

Shule ya Bibi Yetu wa Malaika

Habari tunayotaka kuisimulia sasa ni ya huzuni, nayo ni ya Kanisa letu wenyewe. Mjini Chicago ilikuwako shule ya parokia iitwayo Bibi Yetu wa Malaika, yenye watoto zaidi ya 1,000, wakifundishwa na Masista. Siku ya Jumatatu tarehe 1 Desemba 1958, mchana, watoto wakikaribia kwenda nyumbani, moto ulianza chini ya ngazi, kwenye pipa la takataka. Ngazi ile ilikuwa ya mbao. Huko juu, kwenye ghorofa ya pili, haikuwa na mlango wa kuzuia moshi. Basi ngazi ikawa kama bomba la jiko: moshi na joto vikapanda moja kwa moja, vikajaza ukumbi, na madarasa ya juu yakakosa njia ya kutokea.

Tuangalie vyombo. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwako, lakini mingine ilitundikwa juu sana, kiasi cha mita mbili, asipoifikia mtoto wala Sista mfupi. Kengele ilikuwako, lakini haikuunganishwa na kituo cha wazima moto. Vinyunyizio havikuwako. Wazima moto walipopata habari walielekezwa kwanza kwenye nyumba ya mapadre, na walipofika shuleni walikuta uzio wa chuma wenye lango lililofungwa, wakapoteza dakika nyingine kulivunja. Siku ile walikufa watoto 92 na Masista 3. Masista wale walikaa na watoto wao mpaka mwisho.

Na jambo la kuumiza zaidi ni hili: shule ile ilikuwa imekaguliwa wiki chache tu kabla ya moto, ikapita. Sheria iliwaruhusu wenye majengo ya zamani kuendelea kama zamani. Karatasi ilisema salama, na ngazi ilikuwa ya mbao. Baada ya msiba ule shule nyingi za Marekani zilitengenezwa upya; zikawekwa milango ya kuzuia moshi, kengele zilizounganishwa na wazima moto, na vinyunyizio. Wataalamu walisema kwamba moto ule haukufundisha neno jipya. Yote yalikuwa yamejulikana tangu zamani, ila hayakufanywa.

Ubelgiji nao ulipata fundisho lake. Tarehe 22 Mei 1967 duka kubwa la Innovation mjini Brussels liliungua wakati wa mchana, watu wakiwa wengi ndani. Vinyunyizio havikuwamo. Waliokufa walihesabiwa 251. Jengo lile lilikuwa zuri na la sifa, limejengwa na Victor Horta mwaka 1901. Uzuri wake haukumwokoa mtu.

Karibu na nyumbani

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Huko Rombo, Tanzania, tarehe 18 Juni 1994, wasichana wapatao 40 wa shule ya Shauritanga walikufa katika bweni lao. Huko Kyanguli, wilaya ya Machakos, Kenya, tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa; moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Na juzi tu, Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya Endarasha, Nyeri, walikufa vivyo hivyo, usiku, bwenini.

Na katika Kongo yetu, nani amesahau Sange? Tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka katika kijiji hicho, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Watu walikuja kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Pale ndoo elfu za maji zisingalifaa kitu. Chombo kimoja tu kingaliwaokoa wengi, nacho hakinunuliwi: kujua kwamba petroli iliyomwagika hukimbiwa, haichotwi.

Mahali patakatifu pia hapasazwi. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, ambako amelala Mutesa wa Kwanza, yule aliyewapokea Mapadre Weupe mwaka 1879, yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019. Kengele ya Notre-Dame ililia mapema, lakini mlinzi alitumwa kutazama dari nyingine, na nusu saa ikapotea. Padre Jean-Marc Fournier, kasisi wa wazima moto wa Paris, aliingia ndani kuokoa Sakramenti Takatifu. Kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024, chini ya paa jipya mafundi walikuwa wamepitisha mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji. Kwa miaka zaidi ya 800 lilisimama bila mabomba hayo. Usiku mmoja ukatosha kuonyesha haja yake.

Na sisi je?

Wako wanaosema: “Moto ni mapenzi ya Mungu.” Wengine, nyumba ikiungua, hunong’ona habari za wachawi na kumtazama jirani kwa jicho baya, kama Warumi walivyowatazama Wakristo. Sisi makatekista twajibu: Mungu aliyetupa akili atatudai hesabu ya akili hiyo. Kumwomba atulinde, na huku tumefunga watoto kwa kufuli, ni kumjaribu Mungu.

Wengine husema: “Vinyunyizio ni vya matajiri. Hapa kwetu hata bomba la uani hukauka.” Neno hili lina ukweli, wala hatutalicheka. Mabomba ya darini yataka maji yenye nguvu saa zote, na tangi, na fundi wa kuyatazama. Kiwanda, hospitali na duka kubwa havina udhuru. Parokia maskini yaweza kukosa. Lakini tazameni tena habari tulizosimulia. Huko Chicago na Kyanguli, kitu cha kwanza kilichokosekana kilikuwa njia ya kutokea. Cha pili kilikuwa habari ya mapema. Maji yalikuwa ya tatu. Na hivyo viwili vya kwanza havina bei kubwa.

Basi kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, na ufunguo usitoke mlangoni watoto wakiwa ndani. Twajua kwa nini watu huweka nondo madirishani. Wevi wako wengi. Lakini dirisha moja katika kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani. Mwizi huchukua redio. Moto huchukua mtoto. Kengele iwepo, hata kama ni kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na kila muhula watoto wajizoeze kutoka. Mishumaa isiachwe ikiwaka karibu na mapazia, wala mbabula wa makala usilale ndani ya nyumba.

Kwa jikoni: mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji; funika sufuria kwa kifuniko, ondoa moto chini yake. Kwa umeme: kata umeme kwanza. Ndoo za mchanga zikae tayari karibu na jenereta.

Na mtungi ukiweza kununuliwa, utundikwe karibu na mlango, mkono wa mwanamke mfupi uufikie. Mshale wake utazamwe kila mwezi kama umesimama kwenye kijani. Watu wafundishwe: vuta pini, elekeza mdomo chini kwenye shina la moto, bana mkono, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa kawaida wa poda huisha kabla ya nusu dakika. Nusu dakika hiyo haiwezi kuwa ya kusoma maandishi yaliyobandikwa juu yake.

Wachimba madini wa Ubelgiji na Ufaransa, na wazima moto wao pia, humheshimu Mtakatifu Barbara, ambaye hukumbukwa tarehe 4 Desemba. Mji wetu ni mji wa machimbo na tanuru. Yafaa nasi tumwombe. Lakini siku hiyo, baada ya Misa, wazee wa parokia wangefanya vema kuzunguka majengo yote pamoja, shule, bweni, ukumbi na sakristia, wakisukuma kila mlango kwa mkono wao na kutazama kama wafunguka. Usiofunguka urekebishwe kabla ya Noeli.